Mitupo ya Mwikali ya Jumamosi

Lokichoggio,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mutua,

Mwanangu Mwikali niliyekuachia amepoteza mtupo wake wa kikapu, na ameupoteza tangu shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei. Nimelitanguliza hilo makusudi, kwa maana nikianza na salamu utasoma salamu uitie barua mfukoni. Sasa salamu. Uvoo waku, habari yako, mwana wa mwaitu? Mgongo unaendeleaje? Mama yetu anakula vizuri, ama bado anachaguachagua? Mkeo Kalunde na mtoto mchanga wako aje? Mimi ni mzima. Vumbi la huku limekuwa jamaa, tunakula nalo, tunalala nalo. Kibanda kimesimama. Nilikuja na jiko moja na karai, leo niko na meza nne na wasichana wawili wa kusukuma chapati, na watu wa maghala ya misaada wanapanga foleni kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyeniinua. Nakwambia hivyo ujue ni mtu wa aina gani anakuuliza.

Unajua kilicho mbele yetu. Jumamosi hii, mwalimu wa michezo wa ile shule ya bweni anakuja Machakos kuangalia wasichana wa mpira wa kikapu. Atachukua wawili tu, wasome mpaka kidato cha nne bila karo. Wanaanza kucheza saa nane mchana. Krismasi nilipokuja nyumbani, Mwikali alisimama kwenye ule mstari wa kutupia peke yako, pasipo mtu wa kumzuia, akatupa kumi zikaingia saba. Wewe mwenyewe ulipiga makofi ukasema, "Huyu ameshapata shule." Sasa nampigia simu kila Jumapili pale dukani kwa Mama Syombua, na kila Jumapili naambiwa mechi ya jana imeharibika.

Nimelitafuta jambo hili kama mtu aliyeangusha sindano. Kwanza nikashuku macho. Nikaagiza apelekwe hospitali, daktari akasema anasoma hata zile herufi za chini kabisa. Nikashuku viatu nilivyomtumia. Akasema vinamtosha sawasawa. Nikashuku kuna kijana anamchanganya akili. Alicheka mpaka nikamsikia Mama Syombua akiuliza kuna nini.

Huku kuna mtu wa ghala anaitwa Ouma, mrefu kama mlingoti. Alicheza kikapu ujana wake wote, na wamefunga ringi kwenye nguzo nyuma ya ghala lao. Nikamweleza akiwa na chapati mdomoni.

"Mama Mwikali, mipira yake inafia wapi?"

"Inafia?"

"Ikikosa, inagonga wapi? Kushoto, kulia, nyuma ama mbele?"

"Mbele. Anasema inagonga ringi hapo mbele kisha inamrudia."

"Basi acha kusumbua daktari. Ingekuwa inaenda kando ningesema ni mkono. Ikifia mbele, mwili umechoka. Mpira unaanzia kwa magoti, unapanda na mgongo, mkono unamalizia tu. Magoti yakichoka, haufiki."

"Mimi nilikuwa naona mikono tu."

"Ndiyo maana wewe unauza chapati!"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia asubuhi hiyo chai yake ni ya rangi.

Hata hivyo sikumeza maneno yake hivi hivi. Nilimwambia anionyeshe. Siku moja ndege za misaada hazikuja, akawa ameketi tu tangu asubuhi. Jioni akatupa kumi, zikaingia nane. Kesho yake walishusha magunia ya mtama kutoka alfajiri, nikamfuata kabla hajaoga. Ziliingia tatu. Zilizokosa, karibu zote zilifia mbele ya ringi, kama za mtoto wetu. Akafuta jasho akaniambia, "Lakini Mama, usishike mtu bure. Msichana akirefuka haraka pia mtupo hupotea. Mikono inakuwa mipya, haijui nguvu zake."

Nikalipima hilo neno, kwa sababu Mwikali amerefuka kweli. Ndipo leo asubuhi kwenye simu nikamwuliza kitu ambacho nilipaswa kumwuliza zamani. Jumatano mkifanya mazoezi baada ya masomo, zinaingia ngapi? Akasema saba, wakati mwingine sita. Na Jumamosi? Tatu. Mutua, macho hayaugui Jumamosi peke yake. Na sijaona mtoto anayerefuka Jumamosi akafupika Jumatano.

"Jumamosi asubuhi unafanya nini?" nikamwuliza.

Akaniuliza chapati zinauzwaje huku.

"Mwikali!"

"Kazi tu, Mama."

Hapo nikasikia sauti ya Kalunde nyuma yake: "Mwambie ni upepo. Kile kiwanja kiko wazi, kina upepo."

"Ni upepo, Mama."

"Na viganja vyako viko aje?"

"Viko na malengelenge kidogo. Ni ya mpira."

"Yako wapi? Kwa ncha za vidole?"

"Hapana, hapa chini. Vidole vinapoanzia."

Simu ikakatika, ama ilikatwa, sijui. Nilipiga tena, Mama Syombua akaniambia wameshaondoka.

Mpira unaguswa kwa ncha za vidole. Ouma alinifungulia mkono wake nikauangalia: ngozi ngumu iko huko juu, penye ncha. Malengelenge ya pale vidole vinapoanzia sihitaji kufundishwa na mtu wa ghala. Hayo ni ya mpini wa jembe, na mimi na wewe tulikua nayo.

Na Jumamosi asubuhi kwetu mlimani ni siku ya mwethya. Tangu mvua ya El Niño ibomoe matuta ya kuzuia udongo, kikundi kinachimba upya, shamba baada ya shamba, na kila nyumba inaleta mtu mmoja na jembe lake. Nyumba isiyoleta mtu inatozwa kuku. Baba alinikatia shamba, kwa hivyo nyumba yangu inahesabiwa hata mlango ukiwa umefungwa. Nilipokuwa naondoka ulisimama getini ukaniambia, "Jembe lako nitalishika mimi." Sikukuomba. Ulijitolea mbele ya mama.

Najua mgongo ulikuharibikia baadaye. Najua Kalunde hawezi kuchimba akiwa na mtoto wa miezi miwili. Ungeniambia, ningeelewa, mimi si mtu wa jiwe. Lakini naweka moja na moja: nyumba yako haina mtu wa kuchimba, yangu haina mtu, na sijasikia kuku hata mmoja ametozwa. Basi kuna mtu anayechimba sehemu mbili tangu alfajiri, kisha anashuka mbio kiwanjani na magoti yaliyochoka, na akiulizwa anafundishwa kusema upepo. Kama nimekosea, nikosoe. Kama sijakosea, ujue ni shule ya mtoto wangu inayofukiwa kwenye hayo matuta.

Kikundi wakidai, wape kuku wangu. Wape na yule jogoo mwekundu. Sitalia.

Msalimie mama, mwambie blanketi alilotaka nimempa dereva huyu huyu anayekuletea barua, asikubali apewe jingine. Msalimie Mama Syombua kwa subira yake na simu zangu. Mwenyekiti wa mwethya, yule mama wa filimbi, mwambie namheshimu na kazi yao naiona hata nikiwa mbali. Kalunde pia msalimie, mtoto ambusu kwa niaba yangu, na umwambie mimi nimezaliwa Machakos, upepo wa huko naujua.

Alhamisi saa nne asubuhi nitapiga simu dukani. Uje wewe mwenyewe, usimtume Kalunde, na Mwikali asiwe karibu, maana sitaki mtoto asimame katikati ya wakubwa akitafuta uongo wa kumfurahisha kila mtu. Sitauliza habari za ng'ombe wala za mahindi. Nitauliza hili moja, na unijibu kwa jina la mtu: Jumamosi hii asubuhi, ni nani atakayechimba kwa niaba ya nyumba yangu, na ni nani kwa niaba ya yako?

Dada yako,
Mbula