Picha za Kichochoro cha Kuze

Taha, nimejitia kitanzini mwenyewe mbele ya mtaa mzima!

Wakumbuka Hussam alivyoapa kile kichochoro alichokitia geti ni ua wa babake? Mimi sijasahau. Leo mkutanoni nilitaka nikiingia tu kwenye kompyuta, picha za zamani za kichochoro hicho zitokee zenyewe ukutani. Nikaliandika lile faili ambalo Linux, mfumo wa kompyuta yangu, hulifuata kila nikiingia: onyesha picha. Amri ya kufungua skrini ya kawaida nikaisahau. Nikaisahau, Taha!

Picha zikaisha, ikanirudisha kwenye paswedi. Nikaandika paswedi. Picha zile zile! Zikaisha, paswedi tena. Ramani ya mtaa inayoonyesha kuwa ile ni njia ya wote imo mle ndani na siifikii. Hussam yuwacheka: "Mpinga mageti kajifungia nje!" Jasho lanitiririka, watu waanza kuvaa viatu.

Zilipoanza tena, Bi Hind akasimama. "Ngojani. Yule ni mamangu, yuwapita na kikapu chake. Geti liko wapi hapo?"

Kisha sauti ya nyuma: "Na yule mtoto ni mimi, naenda chuoni na juzuu yangu."

Hussam kicheko kikamkauka. "Ondoa hizo, tuonyeshe kitu chengine!"

Nikamwambia siwezi. Na wallahi, Taha, sikuwa nadanganya.