Kisanduku Nilichokitia Alama Mwenyewe

Jumatatu, mwisho wa Septemba 2018. Mesquite.

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu, mgeni wa nadra huku baada ya joto lile lote. Barabara kuu ilikuwa imemezwa. Magari niliyasikia tu, mbali, kama mji mzima unapita ukiwa usingizini. Nilisimama dirishani mpaka chai ikapoa, nikatamani ukungu usiondoke, kwa sababu ukiondoka ningelazimika kwenda kumwambia Mama Jeanine nilichomfanyia.

Nieleze kidogo, kwa mlio mbali.

Hapa Texas huwezi kuandikisha wapiga kura kwa kujipendea tu. Kaunti inakufundisha kwa muda mfupi, unakula kiapo, unapewa cheti. Fomu unazokusanya unazipeleka ofisini ndani ya siku tano, na mtu hupata kadi yake ya mpiga kura kwa posta. Anayeruhusiwa ni raia peke yake. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, hata akae miaka mingapi na kulipa kodi zote, hapigi kura. Akijiandikisha anaweza kunyimwa uraia, na akiwa na bahati mbaya anaweza kuondolewa nchini.

Haya nayajua. Nimefundisha somo la uraia Kigoma miaka ishirini na saba.

Parokia yetu ina Warundi wengi, watu waliokaa kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku. Kuna adabu moja tunaishika bila kuiandika popote: hatuulizani karatasi. Muulize mwenzako habari za watoto, za zamu, za mgongo unaouma, lakini usimuulize ana kibali gani. Ni kama kumuuliza alivuka mto na nani, na nani alibaki ng'ambo.

Tena wengi wao hawapendi uchaguzi. Kule walikotoka, mabango ya wagombea yalipoanza kubandikwa, mama mwenye akili alianza kufunga vitu. Hata walioapa uraia hapa zamani huniambia, "Mwalimu, acha wenyewe wachaguane." Wamarekani wenyewe wengi hukaa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya zamu, kwa uvivu, au kwa kuamini kwamba kura moja haisikiki. Hawa wetu hukaa nyumbani kwa sababu waliwahi kuisikia.

Kwa hiyo Jumapili ya wiki iliyopita, nilipoona foleni mbele ya meza yangu baada ya misa, nilihisi kama naota. Jua lilipita kwenye vioo vya rangi, likaangukia vitambaa vichwani, mabegani, kwenye mikono iliyoshika vitambulisho. Niliona watu wangu wanasogea taratibu kuingia ndani ya nchi. Sikutaka kuamka.

Mama Jeanine alikuja akiwa bado na viatu vya ghalani, maana alitoka zamu ya usiku moja kwa moja kanisani. Alinipa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Niliandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na foleni ilikuwa ndefu. Kisanduku cha kwanza kwenye fomu kinauliza kama wewe ni raia.

Sikumuuliza. Nilikitia alama mimi, kwa adabu, nikamgeuzia karatasi atie sahihi. Jumanne fomu zote nilikuwa nimeshazipeleka ofisini.

Juzi Jumamosi aliniletea sombe, kile kisamvu cha kwao, ikiwa bado ya moto, na habari njema: ameitwa kwenye usaili wa uraia Alhamisi hii. Akishakuwa raia ataanza kuomba aletewe huku mama yake, ambaye bado yuko kambini na macho yanafifia. "Halafu na kura tutapiga wote, Mwalimu," akasema.

Nilimuuliza polepole kama hakuwa ameshaapa zamani.

Akacheka. "Ningeapa lini, na wewe hukula wali wangu?"

Ni kweli. Kila anayeapa kwetu hupikiwa, na sijawahi kukosa hata sherehe moja. Nilipaswa kujua kwa tumbo, kama si kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini basi alitia sahihi. Alinitazama kama mwanafunzi anayeshangaa swali rahisi. Kambini, alisema, orodha ikipita unaandika jina kwanza. Waliokuwa wanauliza ni ya nini walikuta unga umekwisha.

Nilimshukuru kwa sombe.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Siku mbili nilinyamaza. Jana kwenye misa, macho wazi, niliota jina lake likielea katikati ya maelfu ya majina mengine, dogo, jepesi, na hakuna mkono unaolifikia. Nilijiambia huenda hakuna atakayeliona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakilinda cheti changu, na lile jina la "Mwalimu".

Ukungu ulipoondoka nikaenda kwake. Nilimweleza yote tukiwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Mama?"

Nilimpigia mwanasheria anayeisaidia parokia. Alisema jina liondolewe kwa maandishi kabla kura yoyote haijapigwa. Kwenye usaili Mama Jeanine aseme ukweli wote. Na aliyeijaza fomu aandike barua yake mwenyewe. Nilimuuliza kama hiyo itatosha. Alisema mara nyingi husaidia, lakini hawezi kuahidi.

Kwenye ofisi ya kaunti, Dallas, tulikuta karani wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mama Jeanine aliandika ombi lake kwa mkono, taratibu, akiumba kila herufi. Alipomaliza alilishika badala ya kulitoa. "Maisha yangu yote nimeomba niandikwe," alisema. "Leo naomba nifutwe."

Karani aliomba nimtafsirie. Nilipomaliza, alivua miwani, kisha akapiga mhuri nakala mbili, moja yetu.

Barua yangu ilikuwa na sentensi tatu. Kwamba fomu niliijaza mimi. Kwamba sikumuuliza kama ni raia. Kwamba alama ile ni ya mkono wangu, si wake. Niliiweka kwenye kaunta pamoja na cheti. Karani alisema mkubwa wake ndiye atakayeamua kuhusu cheti. Nilishangaa jinsi nilivyojali kidogo.

Wakinirudishia, nitakaa tena mezani, na neno langu la kwanza kwa kila mtu litakuwa swali tusiloulizana. Wengine watakasirika. Wakasirike.

Tulirudi hadi tukaiona Mesquite. Ndipo Mama Jeanine alipotengeneza mkanda wa gari na kuniambia nitampeleka mimi Alhamisi, saa mbili asubuhi, kwa sababu nina deni la safari hiyo. Lakini nisiingie ndani.

"Ukiingia utaanza kumweleza afisa," alisema. "Hii nitaieleza mwenyewe."

Ana mwanasheria, ana nakala yenye mhuri, ana barua yangu. Mimi nitakaa kwenye gari, vioo nimeshusha, nikitazama mlango.