Orpa Naye Alilia

Kisondela

Mwanangu Felista,

Huku mvua haikatiki, na parachichi zinadondoka zenyewe kwa kukosa mchumaji.

Jumapili mchungaji alitufundisha habari za Ruthu, aliyekataa kumwacha mkwewe Naomi, na za Orpa, mkamwana mwingine wa Naomi, aliyerudi kwao. Jirani yetu Hellen akanigeukia. "Mkamwana wako alikuwa Orpa. Alikuacha."

Nikasimama palepale kanisani. "Orpa naye alilia," nikamwambia. "Na Naomi mwenyewe ndiye aliyemwambia arudi kwao, akaolewe. Mimi pia nilimwambia Felista aende, tulipokwisha kumzika mwanangu, mumewe."

Ibada ikaisha. Nikarudi nyumbani, nikapika ndizi za watu wawili. Mkono haujazoea kupikia mmoja.

Mpende mume wako mpya bila kunionea haya. Ila mkijaliwa mtoto, mlete nimpakate.

Mimi, bado mama yako,
Alinanuswe