Ng'ombe Walioyakataa Maji ya Birika

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Korogwe hadi Handeni kwa pikipiki. Nimetumwa kukagua kisima cha wafugaji, chenye pampu ya umeme. Ng'ombe wa mama Naserian wananusa maji kwenye birika la chuma, kisha wanaruka nyuma. Wiki ya pili sasa wanapelekwa mtoni, siku nzima kwenda na kurudi. Ndama wawili wamekufa njiani. Watu wanasema maji yametiwa dawa.

Nikatia mkono. Sikusikia kitu. Lekishon, mwanawe, naye akatia. Hakuna kitu. Akasema basi ng'ombe ndio wajinga.

Jumanne, 16 Septemba

Nimejicheka. Jana mimi nilivaa buti za mvua, Lekishon katambuga za tairi. Wote tumesimama juu ya mpira! Leo nimevua, nikatia mkono tena. Mkono umenichonyota mpaka kiwiko. Mita: volti kumi na moja kati ya birika na ardhi. Nikazima pampu — sifuri.

Miaka miwili kwenye reli ya treni ya umeme kazi yangu ilikuwa hii hii, kusaka umeme uliotoroka ukaingia ardhini na kwenye mabomba. Na bado nikadanganywa na buti.

Jumatano, 17 Septemba

Pampu inavujisha umeme, na ethi yake, nondo ya kuuzamisha umeme ardhini, haiumezi. Nondo imeishia kwenye udongo mkavu. Cheti kipo ukutani: ilipimwa Aprili, nzuri sana. Aprili, masika yote yale! Ardhi imelowa, hata msumari ungefaulu. Ilipaswa ipimwe tena kiangazi.

Sahihi ni yangu. Nimeona aibu, hata chai imenishinda.

Bosi wangu, Deogratius, kasema kwa simu niandike tu kwenye ripoti kwamba ardhi imekauka. Aliyepima nisimtaje.

Alhamisi, 18 Septemba

Pampu mpya. Nondo mbili ndefu, tumechimba mpaka kwenye unyevu, mimi na Lekishon. Mita sifuri. Nimepima mara nne.

Saa tano ng'ombe wamefika. Wa kwanza kanusa, kanusa, kanywa. Wengine wakamfuata.

Nimekaa hapa pembeni na ripoti. Jina langu nimeliandika. Kumwambia mama Naserian ndiyo bado. Ndama wale ni kosa langu, na hajui.

Kaja na kibuyu cha maziwa. Kaniita mwanangu, kasema Mungu ndiye aliyenileta. Nimekipokea. Kakaa mbele yangu, anasubiri ninywe —