Balbu ya Sebuleni kwa Baba

Mtinko, 4 Juni 2024

Mwanangu Emiliana,

Hujambo na watoto? Mimi mzima. Nakuandikia kwa sababu simu anashika baba yako, na nyumba yenyewe ndiyo hii, nikisema neno analisikia. Barua hawezi kuisoma tena. Anadai taa ya dari sebuleni ni mbovu. Ni macho, Emi! Ila tangu baba yako mdogo Simoni apasuliwe macho akarudi haoni kabisa, ukitaja daktari anasukuma sahani na kuondoka. Tuma balbu kali, labda atatulia. Iwe ya pini, siyo ya kuzungusha.

Mama yako

Itigi, 15 Juni 2024

Shikamoo mama,

Huku tu wazima. Nimempa kondakta wa basi balbu ya LED, wati kumi na tano, mwanga mweupe. Msiweke zile za zamani za wati mia, zitayeyusha kile kifuniko cha plastiki cha taa. Lakini mama, tunadanganyana. Mpeleke Singida mjini kwa daktari, hata kwa hila! Mwambie balbu hujaribiwa dukani, akachague mwenyewe.

Mwanao Emi

Mtinko, 2 Julai 2024

Emi mwanangu,

Salamu. Balbu yako kasema haina kitu. Akamtuma bodaboda Ilongero, akaletewa ya wati mia. Kifuniko kimeyeyuka, kimemdondokea begani, ameungua. Jamani, nimechoka, nalia jikoni kama mtoto. Kesho tunakwenda Singida "kuchagua balbu".

Mama

Itigi, 20 Julai 2024

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Baba hapokei simu. Silali.

Emi

Mtinko, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Nisamehe, mkono ulikataa kuandika. Dukani muuzaji aliziwasha balbu ubaoni, baba yako akazikataa zote. Mwisho akashika moja: "Hii! Hii ndiyo taa." Ilikuwa haijawashwa. Machozi yakanitoka, akanisikia nikilia. Akauliza taratibu, "Mama Emi, kwani haiwaki?" Nikashindwa kumdanganya. Akasema basi, nimpeleke kwa daktari.

Daktari anasema presha ya macho imeshaua mishipa. Tungewahi, angebaki na nuru kidogo. Sasa hairudi.

Ile balbu aliinunua. Ameifunga mwenyewe kwenye holda mpya, kwa kupapasa. Kila jioni ananiuliza kama nimewasha, nami nawasha. Njoo, Emi. Nakuomba, njoo.

Mama yako