Kiuno cha Japhet

Mama yangu,

Amahoro. Najua dada Domitila ndiye anayekusomea, basi naye nampa amahoro yake. Goti lako linaendeleaje? Mihogo mmeshaitoa majini? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila nina wivu, na nimeona afadhali ulisikie hilo kwangu mwenyewe.

Unajua huku Nairobi nakata majani kwenye uwanja wa gofu pamoja na Japhet, yule wa Kizuka. Mvua zilipokwisha, Mwalimu Wanjala, anayewafundisha matajiri mchezo huu, alisema atatufundisha na sisi wafanyakazi kila Jumatano, na mmoja wetu atakuwa msaidizi wake. Msaidizi hupewa nyumba. Mama, ningemleta mke wangu. Nililitaka jambo hilo kuliko chakula.

Wiki mbili tulishika fimbo tu. Kisha tukafundishwa kusimama, kisha kuizungusha nusu, bila mpira. Mpaka hapo nilikuwa mbele ya wote, na Japhet alinipigia makofi.

Siku ya mpira nikaaibika. Niliinua fimbo juu nikaishusha kwa nguvu zangu zote, bonge la udongo likaruka mbali kuliko mpira. Mwalimu akaniuliza, "Kwani unalima?" Wenzangu wakacheka. Mikono yangu ni ya jembe la kwetu Minago, mama, nikiinama tu naona shamba.

Japhet akapiga, na mpira ukaenda mbali, umenyooka. Nilimchukia mpaka nikaacha kula naye. Yeye akanifuata mwenyewe.

"Ndugu, unatumia mikono sana," akasema. "Kumbuka mashine ya kukamua mawese kwetu, unazunguka ukisukuma chuma. Mafuta ikikaribia kuisha, chuma inakuwa nguvu, hautembei tena. Miguu iko palepale, unavuta na kiuno. Na hii iko vilevile."

Ningekumbuka nini? Wewe ulinikataza kazi ya mashine, ukisema ni ya watu wasio na shamba. Nikamjibu kwamba sikumwomba darasa. Halafu nikaenda nyuma ya stoo kujaribu peke yangu, na mpira ukanyooka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa na majivuno ningepata pa kushika.

Jumatano iliyopita Mwalimu akamchagua yeye. Nilimpa mkono, nikarudi kukata majani.

Mke wangu mwambieni avumilie, bado natafuta njia. Mjomba Bosco na wavuvi wenzake wa ndagala wasalimieni, na mchungaji wetu pia.

Limebaki moja. Japhet hajui kuandika, akaniomba niweke habari yake humu ili impate mama yake. Alikaa karibu yangu akiiangalia kalamu. Niliandika kwamba yeye ni mzima, basi, kisha nikamsomea kwa sauti habari yote kana kwamba ipo. Akanishukuru, "Murakoze, ndugu." Karatasi ile nimeichana. Hii ni ya pili.

Domitila, nenda Kizuka ukamsomee Mama Japhet hivi hivi, usipunguze: Mwanao amechaguliwa kuwa msaidizi wa mwalimu. Alitushinda sote. Anayeandika alikuwepo, na aliona.

Akifurahi sana, msiniandikie.

Ni mimi mwanao,
Onesphore