Dada, Hayakuwa Mapunye

Dada Zubeda,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani, na mwanao Sauda amenitazama kama nimechanganyikiwa. Acha anitazame. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeukalia. Nikiuachia tu, unakwenda shingoni.

Unaijua hii mikono. Uliipiga makofi tangu sijaanza shule. Ulikuwa ukinigombeza kwa Kisambaa, Kiswahili ulikiweka kwa ajili ya wageni. Kwa Kiswahili hayana makali yale: "Hamisi, acha ngozi! Nguo ikichanika inapelekwa kwa fundi, ngozi utaipeleka wapi?" Basi dada, tabia imerudi. Siku tulipokuzika nilisimama pembeni ya kaburi nabandua gaga la kidonda, na tulipomaliza arobaini yako kola ya shati ilikuwa na damu. Wala siwashwi. Vidole vinatafuta palipo na kinundu, vikikipata havitulii mpaka kitoke, na kikitoka napata nafuu kidogo tu. Halafu aibu. Halafu vinatafuta pengine.

Nikiwa juu ya pikipiki niko salama, maana mikono yote miwili imeshika usukani. Kutoka Lukozi mpaka Mlalo sijigusi. Taabu iko kijiweni. Ukungu ukishuka abiria hakuna, umekaa tu, utafanya nini? Nilitafuna bablishi mpaka taya likauma. Nikavaa glovu, nikawa nazivua bila kujua. Mama Shabani, yule jirani yako mwenye dawa ya kila kitu, akasema mkono unaachishwa kama mtoto anavyoachishwa ziwa, upake shubiri. Sasa shubiri ya kidoleni inamzuiaje mtu anayejichuna shingo? Sikujiuliza, nikapaka. Jioni nikasonga ugali kwa mikono ile ile! Tulilala na njaa, na Sauda mpaka leo ananusa sahani kabla ya kula.

Kilichosaidia ni njegere. Pale kijiweni akina mama wanauza njegere za kumenya, na siku moja nikavuta ungo wa mmoja wao nikaanza kumenya bila kuombwa. Wee! Vidole vilipata kazi vinayoipenda: kupasua ganda, kusukuma, kutoa. Wenzangu wa bodaboda nao wakapata la kusema. "Hamisi kaolewa!" Nikawaambia ndiyo, na mahari nishaila. Wacheke watakavyo, shingo ilianza kukauka.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe!

Miezi michache iliyopita Mama Shabani alikuwa akimfumua Sauda nywele, akaniita nije nione. Nyuma ya sikio nywele zimetoka, kumebaki upara na vidonda. "Mapunye haya," akasema, nami nikaamini, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza wanaambukizana mapunye kama mafua. Nikaenda duka la dawa. Nikampaka asubuhi na jioni. Nikamkaripia asivae ushungi wa mwenzake, nikaufua wa kwake kwa maji ya moto. Vidonda havikupona. Nikabadilisha dawa, wapi! Nikakukasirikia hata wewe, Mungu anisamehe, kwamba umeniachia mtoto na hukuniachia maelezo.

Halafu jioni moja katoka madrasa, kakaa kizingitini ananisubiri niwashe moto. Mkono wake ukapanda, ukaingia chini ya ushungi, taratibu, ukatafuta, ukapata. Dada, kile kidole nilikijua. Kinavyopinda, kinavyosubiri kidogo kabla ya kubandua, hakuna wa kumfundisha ila mimi. Nikamuuliza, Sauda, unafanya nini? Akanijibu bila kuficha:

"Nafanya kama wewe, mjomba. Ukimkumbuka mama."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Wallahi sikujua kwamba ndiyo saa zenyewe. Mtoto alikuwa ananiangalia muda wote huo, akaona ndivyo watu wanavyokulilia. Nilitaka kumpiga kofi la mkono kama ulivyokuwa ukinipiga, na mkono wangu ulikuwa tayari shingoni. Ningemwambia aache kwa mdomo gani? Niliogopa, dada. Niliogopa kuliko siku breki zilipokatika kwenye mteremko wa Malindi yetu ya huku milimani.

Nikaleta ungo, tukamenya wawili. Dawa za mapunye nikazitupa. Sasa tuna utaratibu wetu: anayeona mkono wa mwenzake umepanda anasema "njegere!", basi, hakuna ugomvi. Anafurahi kupita kiasi akinikamata. Juzi kanipigia kelele mbele ya mzee mmoja mwenye heshima zake, abiria wangu, na mzee akadhani mtoto anauza, akaomba apimiwe kopo moja.

Siku nyingine njegere zinaisha na mikono bado haijashiba. Tunakwenda kung'oa magugu kwenye karoti. Au namsuka. Ndiyo, mimi, Mama Shabani amenionyesha. Nasuka vibaya, njia zimepinda kama barabara ya kutoka Mombo, na akienda madrasa anashukuru Mungu kwa ushungi. Lakini wakati ule mikono yangu yote iko kichwani kwake, na yake imeshika kitana na kopo la mafuta.

Sijaacha, dada. Leo asubuhi nimejitoa damu. Sitakuahidi uongo, wewe ulikuwa unaunusa uongo wangu kabla sijafunga mdomo. Ninachokuahidi ni kwamba Sauda hatajificha na jambo hili peke yake. Nikikukumbuka nitatamka, "Nimemkumbuka mama yako," ili ajue kumbe linasemeka.

Jana nilikuwa namchana. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio, taratibu, nikakuta vinywele laini vimeanza kuota. Nikaendelea kuchana. Akasema, "Mjomba, nimemkumbuka mama." Nikachungulia mikono yake. Ilikuwa imetulia mapajani.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akupe kauli thabiti.

Mdogo wako,
Hamisi